Bafe ya nyama choma: Piga hesabu kabla ya kushika sahani

Katika miji yetu ni sherehe chache sana zinazokamilika bila nyama choma. Mtoto akipita mtihani, ni nyama choma. Binti akiletewa posa, ni nyama choma. Hata mzee akistaafu baada ya kutumikia shirika kwa miaka 30, wenzake humchangia pesa, wakamkalisha mbele ya mbavu za mbuzi na ugali moto, wakamwambia ahsante.

Zamani shughuli hii ilikuwa ya akina baba peke yao. Mama na watoto waliletewa mabaki yaliyofungwa kwa gazeti, tena usiku, yakiwa yamepoa. Siku hizi mambo yamebadilika. Jumapili baada ya ibada utamwona baba, mama, nyanya na watoto wakishuka kwenye gari au matatu, wote wakielekea mkahawani. Ni mabadiliko mema, na sina la kuyapinga.

Lakini pamoja na mabadiliko hayo umeingia mtindo wa bafe. Unalipa kiasi kimoja kwa kila kichwa, kisha unakula mpaka utosheke. Maneno hayo “mpaka utosheke” yamewanasa wengi. Baba anaona picha ya nyama inayong’aa kwenye bango la barabarani, anakumbuka ahadi aliyowapa watoto tangu shule zifunguliwe, naye anaamua kwamba Jumapili ni hiyo.

Ndugu msomaji, ngoja kidogo. Familia nyingi za mjini hupata nafasi ya kutoka pamoja mara moja au mbili tu kwa mwaka. Siku hiyo ikiharibika, hakuna ya kuirudia mpaka Krismasi. Kwa hivyo leo tuzungumze jinsi ya kuchagua mahali pazuri pa kula nyama, ili pesa zisipotee na tumbo lisilalamike.

Aina tatu za meza

Kwanza, fahamu unakwenda kununua nini, kwa maana mambo matatu tofauti yote huitwa “nyama choma” katika matangazo.

Kuna bafe ya kujipakulia. Vyakula hupangwa kwenye meza ndefu, katika treya zinazopashwa moto kwa chini, na kando yake husimama mpishi wa nyama na kisu chake. Wewe unashika sahani na kupanga foleni.

Kuna mtindo wa nyama kukufuata mezani. Mkahawa uliovumisha mtindo huu nchini ni Carnivore wa Nairobi, ulio upande wa Lang’ata karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, uliofunguliwa mwaka 1980. Nyama huchomwa kwenye jiko kubwa la makaa ikiwa imetungwa kwenye sime za Kimaasai, nao wahudumu huzunguka meza hadi meza wakikukatia. Mezani huwa na bendera ndogo. Ikiwa imesimama, wahudumu hawaachi kuja. Ukiilaza, umesalimu amri. Wakati mmoja mkahawa huo ulijulikana kote duniani kwa nyama pori, mpaka mwaka 2004 uuzaji wa nyama hiyo ulipopigwa marufuku humu nchini. Kuanzia hapo waliotaka kitu cha ajabu wamepewa mbuni na mamba wanaofugwa. Wabrazili nao wana mtindo unaofanana na huu, unaoitwa rodízio, na umekwisha kufika Nairobi.

Aina ya tatu ni ile yetu ya tangu jadi: nyama ya kilo. Unaingia buchani, unachagua mguu au mbavu, inapimwa mbele ya macho yako, kisha unasubiri ichomwe. Hivi ndivyo ilivyo katika soko la Kenyatta na soko la Burma jijini Nairobi, na kule Kikopey karibu na Gilgil, ambako wasafiri wa barabara ya Nakuru hawapiti bila kusimama. Hii si bafe, lakini nimeitaja kwa sababu ndiyo mizani ya kupimia bafe yoyote. Kabla ya kulipa kwa kichwa, jiulize: pesa hizi zingeninunulia kilo ngapi?

Hesabu ya mfuko

Tuchukue mfano. Familia ina watu sita: baba, mama, nyanya, kijana wa miaka 14, msichana wa miaka 9 na mtoto wa miaka 4. Tuseme bafe ni shilingi 2,500 kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto aliye chini ya miaka 12, na bure kwa aliye chini ya miaka 5. Baba, mama, nyanya na kijana wanahesabiwa watu wazima wanne: shilingi 10,000. Msichana ni 1,250. Mdogo ni bure. Jumla ni 11,250. Vinywaji mara nyingi haviko ndani ya bei hiyo. Soda sita za shilingi 150 ni 900. Umefika 12,150, na bado hujalipa nauli wala kumpa mhudumu chochote.

Sasa tuseme familia hiyo hiyo imekwenda mahali pa kilo, na mbuzi ni shilingi 1,200 kwa kilo pamoja na kuchomewa. Kilo tatu zitawatosha, kwa kuwa kanuni ya wachomaji ni nusu kilo ya nyama mbichi yenye mifupa kwa mtu mzima, na robo kwa mtoto. Hiyo ni 3,600. Ongeza ugali, kachumbari na mboga kwa 700, na soda kwa 600. Jumla ni 4,900. Nyama ikibaki, mnafungiwa mwende nayo nyumbani. Kwenye bafe hakuna kufungiwa, na mikahawa mingine hutoza faini kwa chakula kinachoachwa kwenye sahani.

Sisemi kwamba bafe ni wizi. Kwa familia yenye vijana wa kiume watatu wa kidato cha tatu na cha nne, bafe inaweza kuwa nafuu kubwa, maana hao kilo tatu ni za kufungulia kinywa tu. Bafe pia inafaa pale ambapo kila mtu ana lake: huyu anataka kuku, yule samaki, mwingine hali nyama kabisa. Lakini fahamu kwamba katika bafe anayekula kidogo humlipia anayekula sana. Nyanya aliyekula vipande viwili na kijiko cha mukimo amelipa sawa na mwanamume wa meza ya pili aliyerudi mara tano.

Kabla ya kuketi, muulize mhudumu maswali manne. Je, bei hii ni kamili, au kuna ushuru wa VAT wa asilimia 16, ule wa utalii wa asilimia 2 na ada ya huduma ya kuongezwa juu yake? Mtoto ni wa miaka mingapi? Maji na soda vimo? Na bafe inafungwa saa ngapi? Kuuliza si aibu. Aibu ni kumwona baba akitoka nje na simu, akimpigia shemeji amtumie pesa kwa M-Pesa huku watoto wakimtazama kupitia dirishani.

Macho na pua

Sasa tuje kwenye jambo lililo kubwa kuliko pesa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka mtu mmoja kati ya kumi duniani huugua kwa sababu ya chakula kibaya, na kwamba wanaokufa ni watu 420,000. Karibu thuluthi moja ya hao ni watoto walio chini ya miaka mitano.

Naijua familia moja ya mtaani kwetu iliyokwenda kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mtoto wao mahali fulani ambapo sitapataja. Walifika saa kumi jioni, bafe ikiwa imewekwa tangu saa sita mchana. Treya zilikuwa vuguvugu na saladi yenye mayonezi ilikuwa imekaa juani. Usiku huo nyumba nzima haikulala. Wakubwa walipona kwa maji ya chumvi na sukari, lakini yule mdogo aliyesherehekewa alilazwa siku tatu akiwekewa maji ya dripu. Bili ya hospitali iliizidi ile ya bafe mara nyingi. Mama yake aliniambia kwamba treya zile aliziona hazitoi moshi, ila aliona haya kusema, kwa vile walikuwa wamekwisha kulipa.

Mzazi, usione haya. Kanuni ni rahisi. Chakula cha moto kikae moto wa nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi. Cha baridi kikae kwenye barafu au friji, chini ya nyuzi 5. Chakula kilichopikwa kisikae nje bila moto wala ubaridi kwa zaidi ya saa mbili. Huna haja ya kipimajoto. Mhudumu akifunua treya, mvuke na uinuke wenyewe. Kama hakuna mvuke, pita, hata ikiwa ni pilau.

Ndiyo maana saa ya kwenda ni muhimu sawa na mahali. Fika bafe inapofunguliwa, au dakika chache baadaye. Nyama imetoka jikoni, foleni ni fupi, na vijiko vya kupakulia bado ni safi. Mahali penye wateja wengi ni bora kuliko mahali patupu, kwa kuwa treya hazipati nafasi ya kulala. Tena tazama wanavyojaza. Mpishi mwema huondoa treya ya zamani na kuleta nyingine. Mpishi mvivu humwaga mpya juu ya ile ya zamani, na kile cha chini hubaki hapo kutwa.

Tazama pia mikono. Aliyekata nyama mbichi asiguse iliyoiva kabla ya kunawa, wala asitumie ubao ule ule. Kisheria, kila anayeshika chakula cha kuuza anapaswa kuwa na cheti cha afya, na hupimwa upya kila miezi sita. Mkahawa usio na la kuficha haukasiriki ukiulizwa. Mwisho, kabla hujaagiza chochote, wapeleke watoto msalani wakanawe mikono. Ukikuta bomba halina maji na sabuni haipo, kumbuka kwamba wapishi nao huenda wananawia hapo hapo. Geuka mwende zenu.

Nyama yenyewe

Nyama halali kuuzwa hupitia machinjioni, ikakaguliwa na kupigwa mhuri. Mahali pa kilo unaweza kuuona mhuri huo kwenye mguu uliotundikwa. Kwenye bafe huuoni, kwa hivyo itumie pua na ulimi. Nyama iliyozama ndani ya mchuzi mzito wenye viungo vikali huenda inaficha jambo. Nyama ya kuchoma haihitaji mengi zaidi ya chumvi, na ikitoka motoni huonekana ilivyo.

Rangi nyekundu sana nayo si dalili ya uzuri. Mwaka 2019 runinga moja nchini ilifichua kwamba baadhi ya wauzaji walikuwa wakitia nyama kemikali ya sodium metabisulphite ili ionekane mbichi kwa siku nyingi. Nyama ya kawaida hubadilika rangi kadiri inavyokaa. Ile isiyozeeka, iogope.

Hakikisha imeiva. Ng’ombe asiyeiva vizuri anaweza kukupa tegu, na nguruwe ni hatari zaidi. Lakini kuiva si kuungua. Mchomaji hodari hutumia makaa yaliyoshika rangi ya kijivu, na huiweka nyama juu kidogo ili moto wa mafuta usiilambe. Mbuzi wa namna hiyo huchukua karibu saa nzima, hata zaidi. Ukiletewa mbuzi “tayari” baada ya dakika kumi, ujue alichemshwa zamani akawekwa akungoje, na pale motoni alipitia kusalimia tu.

Usishawishike na soseji. Ndizo huwekwa mwanzo wa meza pamoja na supu, mkate, viazi na wali, kwa sababu ni rahisi na hujaza tumbo haraka. Mwaka 2015 watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Moja kwa mtoto si neno, lakini usimwache ale sita kwa kuwa “zimelipiwa”. Izunguke meza yote kwanza mikono mitupu, uone kilichopo, kisha ndipo urudi kuchukua sahani.

Na ukinong’onezewa mahali fulani kwamba kuna swara ya kichinichini, kataa. Kuuza nyama ya mnyama wa porini ni kosa la jinai, na hakuna daktari aliyeikagua.

Wazee na wenye masharti

Katika kila familia kuna mtu ambaye bafe hairafikiani naye. Mzee mwenye ugonjwa wa jongo anajua nyama nyingi itamlaza. Mwenye kisukari anahitaji kujua kilicho ndani ya mchuzi na juisi. Nyanya asiye na meno hawezi mbavu, lakini atafurahia maini laini, kuku wa mchuzi au kidari kilichopikwa taratibu. Piga simu siku moja kabla uulize kama vipo. Uliza pia kama kuna ngazi, kwa sababu nyanya aliyepandishwa hadi orofa ya tatu hatakuwa na hamu ya kula.

Kwa jamaa Waislamu, usitosheke na neno “halali” lililoandikwa mlangoni. Machinjio mengi nchini huchinja kwa njia ya halali, lakini tatizo huanzia jikoni. Kama nguruwe anachomwa kwenye wavu ule ule na kukatwa kwa kisu kile kile, neno la mlangoni halina maana. Ukialika marafiki wa dini zote, chagua mahali ambapo nguruwe hapikwi kabisa, na hakuna atakayekosa amani.

Wanafunzi nao

Vijana wa vyuo huniandikia wakisema bafe ni ya wenye magari. Si kweli. Kundi la watu kumi huweza kuomba bei ya kundi, hasa siku za katikati ya juma ambapo mikahawa mingi huwa haina watu. Ila kila mtu atoe pesa zake kabla ya kuondoka chuoni, zote zikae kwa mmoja mnayemwamini. Urafiki mwingi umevunjika wakati wa bili, pale ambapo wawili wamekwenda msalani na hawarudi. Tena msifunge kula tangu jana ili “mrudishe pesa”. Tumbo tupu hujaa haraka, na linaloshindiliwa hulipiza kisasi. Mkopo wa masomo haukutolewa kwa ajili ya mashindano ya kula.

Siku ya mama

Nimalizie na jambo ambalo huliona kila niendapo kwenye mikahawa hii. Baba ameketi, anakula. Watoto wameketi, wanasubiri. Mama yuko kwenye foleni na sahani mbili, ya mkubwa na ya mdogo. Akirudi, nyanya anataka mchuzi. Akileta mchuzi, mdogo amemwaga soda. Anapopata nafasi ya kushika sahani yake mwenyewe, mbavu zimekwisha na treya imebaki na shingo. Amelipiwa shilingi 2,500 kuja kufanya kazi ile ile ya nyumbani, ila sasa amevaa viatu virefu.

Akina baba, hilo ni letu kulirekebisha, na halihitaji hata senti moja. Mkifika, mama aende wa kwanza na sahani yake, aketi, ale ingali moto. Baba awahudumie watoto na nyanya. Kijana wa miaka 14, aliyelipiwa kama mtu mzima, naye afanye kazi ya mtu mzima amshike mkono mdogo wake. Na kama mnajua hilo halitawezekana, chagueni mahali ambapo nyama huletwa mezani, au pa kilo, ambapo ubao mmoja huwekwa katikati na wote wakala pamoja.

Kwa maana mama akirudi nyumbani amechoka kuliko siku anayopika mwenyewe, basi hata kama nyama ilikuwa laini na bei ilikuwa nzuri, mahali hapo hamkupachagua vizuri.

Jumapili njema, na mle salama.